UZI: Meja Harvey, mnara wa Q na ghala la baruti la HMS Lion (Jutland, 31 Mei 1916)

Omo_na_Tezi:
Wakuu, salaam. Vita vya Jutland, vya wanamaji wa Uingereza na Ujerumani katika Bahari ya Kaskazini, vikitajwa humu, mazungumzo huishia kwenye hesabu ya meli zilizozama na ubishi wa nani alishinda. Nafungua uzi huu kwa ajili ya mtu mmoja na amri moja: Meja Francis Harvey wa askari wa majini wa Kifalme, mkuu wa mnara wa Q ndani ya HMS Lion. Watu zaidi ya elfu moja walirudi bandarini hai kwa sababu amri ile ilitolewa mapema. Ili uielewe, inabidi kwanza ujue mnara wa mizinga ulivyojengwa, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Lion ilikuwa meli ya bendera ya Makamu Admeri David Beatty, na nahodha wake alikuwa Alfred Chatfield. Ilibeba mizinga minane ya milimita 343, miwili miwili katika minara minne: A na B upande wa omo, Q katikati ya meli baina ya madohani, na X kuelekea tezi. Kwa desturi ya Waingereza, mnara mmoja wa meli kubwa waliachiwa askari wa majini. Kwenye Lion ulikuwa huo wa Q.

Ukiutazama mnara kwa nje unaona kibanda cha chuma chenye mizinga miwili. Hicho ni kichwa tu. Chini yake kuna shimo la mviringo lililozungushiwa deraya (mabamba mazito ya chuma ya kinga), linashuka sitaha moja baada ya nyingine hadi chini kabisa tumboni mwa meli. Juu ni chumba cha mizinga. Chini yake ni chumba cha kazi, ambamo makombora na baruti huhamishwa kutoka lifti kubwa kwenda kwenye vizimba vidogo vya kupakilia. Kisha kuna njia ndefu ya lifti, halafu chumba cha kupokezana. Mlango wa chuma wa chumba hicho ndio unaoingia kwenye ghala la baruti. Stoo ya makombora iko chini zaidi.

Kombora moja la mzinga ule lilizidi kilo 560. Kulirusha kulihitaji fungu la kordaiti (baruti ya kusukumia kombora) la karibu kilo 135, nalo liligawanywa katika mifuko minne ya hariri, kila mmoja kilo 34 hivi. Mfuko ulikuwa na kiwashio chake cha baruti nyeusi, na hariri haizuii cheche. Vita vikipamba moto, mifuko inapanda bila kukatika: mingine ghalani, mingine mikononi mwa watu, mingine kwenye lifti, mingine ikisubiri nyuma ya mzinga. Milango ikiwa wazi, hapo umeshatandika utambi kutoka juu ya sitaha hadi ghalani.

Sasa tukio lenyewe. Ilikuwa yapata saa 10 alasiri kwa saa za Greenwich. Kombora la milimita 305 kutoka meli ya Kijerumani Lützow liliupiga mnara wa Q pale bamba la mbele, lenye unene wa milimita 229, lilipokutana na bamba la paa lenye milimita 83. Likapenya kwenye maungio hayo na kulipukia ndani, juu ya mzinga wa kushoto. Sehemu ya mbele ya paa ikafumuka, bamba la katikati la mbele likang'oka. Karibu kila aliyekuwamo chumbani alikufa papo hapo au aliumia vibaya.

Harvey alikuwa ameumia majeraha ya kufa. Alichofanya kwa pumzi iliyobaki ni kuagiza milango ya ghala ifungwe na ghala lijazwe maji. Kisha akamtuma sajenti wake apande daraja la nahodha kutoa ripoti. Sajenti akafika kule juu uso umeungua na nguo zimeungua, akaeleza kwamba mnara wa Q umekwisha, watu wamekufa na ghala limejazwa maji. Maofisa wa pale daraja walikuwa bado hawajajua kilichotokea hatua chache nyuma yao. Harvey alikufa muda mfupi baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 43.

Mchambuzi_Tanga:
Mkuu Omo, shukrani kwa nondo. Kuna jambo halijakaa sawa kwangu. Kama kombora lililipuka mle ndani saa 10, mbona baruti haikuwaka pale pale? Na kama haikuwaka, kulikuwa na haja gani ya kujaza maji? Nimewahi kusoma mahali kwamba moto mkubwa ulikuja baadaye sana.

Omo_na_Tezi:
Mkuu Mchambuzi, swali lako ndilo moyo wa jambo hili.

Kombora lilianzisha moto mdogo juu, kwenye chumba cha mizinga. Kordaiti iliyokuwa chini haikuguswa wakati ule. Mtu asiyeijua kazi angeona moto wa kuzimwa kwa mpira wa maji na mnara uliokwisha kuharibika, basi. Harvey alikuwa mtaalamu wa mizinga kwa miaka mingi, akajua kwamba mifuko iliyonaswa njiani kati ya ghala na mizinga ilikuwa bado ipo, na kwamba cheche moja ingetosha.

Takriban nusu saa ikapita. Maelezo aliyoyatoa Chatfield ni kwamba mtu wa kuendesha mlango wa nyuma wa mzinga wa kushoto aliuawa mkono ukiwa kwenye wenzo, na alipoanguka mlango ukafunguka. Mzinga ulikuwa umeinuliwa juu, kwa hiyo mifuko iliyokwisha kupakiwa ikateleza kurudi nyuma na kudondoka kwenye shimo chini ya mzinga, ikakutana na moto uliokuwa ukifukuta. Saa 10 na dakika 28 hivi, takriban mafungu manane kamili yaliyokuwa njiani yakashika kwa mkupuo. Hiyo ni zaidi ya tani moja ya kordaiti. Ulimi wa moto ulipanda juu hadi usawa wa milingoti, na mwingine ukashuka hadi chumba cha kupokezana. Waliokuwa chumba cha kazi na kule chini waliungua wote. Baadhi yao walikutwa mikono ikiwa bado kwenye vibano vya mlango wa ghala.

Mlango ulikuwa umefungwa. Kuta za chuma za ghala zilikutwa zimebonyea kuelekea ndani kwa shinikizo la gesi, na kilichozizuia zisipasuke ni maji yaliyokuwa yamejaa upande wa pili. Humo ndani kulikuwa na baruti ya zaidi ya tani 20. Dakika mbili tu kabla, meli nyingine ya Kiingereza, Queen Mary, ilikuwa imelipuka karibu na hapo na kuchukua watu 1,266. Nyingine, Indefatigable, ilikuwa imekwisha kulipuka dakika chache baada ya mnara wa Q kupigwa, watu 1,017 wakafa na wawili tu wakaokotwa na Wajerumani. Lion ilipoteza watu 99 siku ile na ikarudi bandari ya Rosyth, Scotland, kwa injini zake yenyewe.

Pemba_Magharibi:
Kaka Omo, hapo kwenye kufunga mlango na kujaza maji naomba ufafanuzi wa kiufundi. Nani anafungua maji, na kwa nini wasijaze tu kila mnara unapopigwa?

Fundi_Valvu:
Naomba nilijibu hili, ni eneo langu.

Ghala la baruti lipo chini ya mstari wa maji kwa makusudi. Ukifungua valvu ya bomba linalotoka ubavuni mwa meli, bahari inaingia yenyewe kwa shinikizo lake, huhitaji pampu. Valvu inazungushwa kwa gurudumu la mkono, na fimbo yake hupandishwa hadi sitaha ya juu zaidi ili izungushwe na mtu aliye nje ya ghala. Hewa iliyomo lazima iwe na pa kutokea, la sivyo maji yanaingia polepole. Na njia hizo hizo za hewa zikiachwa bila vifuniko ni mlango mwingine wa moto.

Mpangilio wa hatua una maana. Kwanza unawatoa watu ghalani. Pili unafunga mlango na kuubana vibano vyote, maana mlango uliorudishwa tu bila kubanwa husukumwa wazi na gesi. Tatu unafungua maji. Ukianza na maji kabla ya mlango, maji yanamwagikia chumba cha kupokezana, watu wanakimbia, mlango haufungwi tena. Na ghala haliwi salama dakika ileile, maji yanahitaji muda kupanda mpaka yafunike rafu za juu. Ndiyo sababu amri ya Harvey ilikuwa na thamani kwa kuwa ilitoka mwanzoni kabisa. Ingetoka saa 10 na dakika 25, sidhani kama ingefaa kitu.

Kwa nini wasijaze kila mara? Kwa sababu ukijaza, mnara umekufa. Lion ilikuwa na minara minne, ukijaza ghala moja umetupa robo ya nguvu yako katikati ya mapigano, na baruti ile huitumii tena siku ile. Juu ya hapo unaongeza mamia ya tani za maji chini ya meli. Mkuu wa mnara anayeagiza hivyo anaua silaha yake mwenyewe kwa mkono wake. Maofisa wengi wangechelewa wakitumaini mzinga mmoja bado unafyatua.

Bintiwabahari:
Asanteni sana kaka zangu, mmefafanua vizuri. Ila mimi nina mtazamo tofauti kidogo kuhusu nani apewe sifa. Mbona hatumtaji Alexander Grant, mkuu wa watunza baruti wa Lion? Huyu alihamia Lion mwaka 1915 akakuta baruti imerundikwa nje ya ghala na milango inaachwa wazi, akaenda kwa Chatfield kupigania utaratibu mpya. Bila yeye, Harvey angeamuru mlango ufungwe na pangekuwa na lundo la mifuko mlangoni.

Omo_na_Tezi:
Dada Bintiwabahari, hapo nakuunga mkono kabisa, na ilikuwa niandike sehemu hiyo.

Kabla ya Grant, kasi ya kufyatua ndiyo iliyokuwa ikishangiliwa. Watu wa ghalani waliogopa kuonekana wazembe mizinga ikikaa bila baruti, kwa hiyo wakatoa mafungu mengi mapema, wakafungua vifuniko vya makopo ya chuma ya kuhifadhia na kuacha milango wazi mapigano yote. Grant akaweka sheria: katika chumba cha kupokezana lisikae zaidi ya fungu moja kamili, na risasi zikisimama mlango ufungwe na kubanwa. Akawaonyesha kwa majaribio kwamba kasi ya mizinga haikupungua hata kidogo, maana watu wa ghalani waliweza kutoa baruti upesi kuliko mizinga ilivyoweza kuimeza.

Hivyo mlango uliofungwa kwa amri ya Harvey ulikuwa mlango unaofungika. Na wapo wanahistoria wanaosema Chatfield naye alitoa amri hiyohiyo kutoka daraja. Mimi sioni kwamba jambo hilo linamshusha Harvey. Amri iliyotoka ndani ya mnara, kwa mtu anayeuona moto kwa macho, ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kufika mapema. Ninaowasikitikia ni wale wa chumba cha kupokezana: walibana vibano wakiwa upande wa nje wa mlango, upande wa moto, na karibu hakuna anayeyajua majina yao.

Mzee_wa_Deraya:
Vijana, mmeisimulia Lion vizuri, lakini habari hii haijakamilika bila Wilhelm Heidkamp.

Tarehe 24 Januari 1915, vita vya Dogger Bank, meli ya Kijerumani Seydlitz ilipigwa na kombora la milimita 343 kwenye deraya ya mnara wa nyuma kabisa. Na aliyelirusha ni Lion hiyohiyo. Kombora halikupita deraya yote, ila moto wake ulipenya na kuwasha mafungu yaliyokuwa chumba cha kazi. Watu wa mle wakakimbilia mlango wa kupitia mnara wa jirani, wakaufungua, na moto ukawafuata. Minara miwili ikawaka kwa pamoja. Mafungu 62 yaliteketea, karibu tani sita za baruti, na watu 159 wakafa.

Heidkamp alikuwa mkuu wa pampu, cheo cha kawaida tu. Amri ya kujaza maji ilipotoka, magurudumu ya valvu yalikuwa yamepata moto hadi yamekuwa mekundu. Aliyashika kwa mikono yake akayazungusha. Karibu tani 600 za maji zikaingia ghalani na meli ikapona. Mikono ikaungua, mapafu yakaharibika kwa moshi na gesi, na hakupona kabisa hadi alipofariki mwaka 1931. Baadaye manowari Z21 ilipewa jina lake. Hiyo nayo ilizama Narvik, Aprili 1940.

Sasa angalieni kilichofuata. Wajerumani walichunguza mabaki ya minara ya Seydlitz na kupunguza idadi ya mafungu yanayoruhusiwa kuwa nje ya ghala. Waingereza hawakuwa na meli iliyoungua hivyo siku ile, wakatoka Dogger Bank wakiamini kosa lao lilikuwa kutofyatua kwa kasi ya kutosha. Miezi kumi na sita baadaye wakayalipia Jutland.

Mchambuzi_Tanga:
Mzee shikamoo. Tani sita zimeungua na Seydlitz haikulipuka, lakini Queen Mary imekatika vipande. Tofauti ni utaratibu peke yake?

Mzee_wa_Deraya:
Marahaba kijana. Baruti zenyewe zilitofautiana. Fungu la Kijerumani la mizinga mikubwa lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu kuu ilikaa ndani ya kopo la shaba nyeupe, na ile ndogo ya mbele ndiyo iliyokuwa kwenye mfuko wa hariri. Cheche ikikuta shaba haiwashi kitu. Pia mchanganyiko wao ulielekea kuungua kwa kasi bila kulipuka hata ulipobanwa chumbani. Kordaiti ya Kiingereza ya wakati ule, ikiwaka nyingi mahali palipofungwa, shinikizo lilipanda hadi ikalipuka.

Kuna sababu ya kimitambo nyuma ya hilo kopo. Mizinga ya Kijerumani ilifungwa nyuma kwa kabari inayoteleza, na kabari peke yake haizibi gesi. Shaba ndiyo inayotanuka na kuziba. Aliye Mombasa anaweza kuuona mfumo wa kabari kwa macho yake pale Fort Jesus, kwenye mzinga wa milimita 105 wa meli ya Kijerumani Königsberg, ile iliyoizamisha HMS Pegasus hapo Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Tazama upande wa nyuma wa mzinga, utaona njia ya kabari inayopita kwa ubavu. Mizinga mikubwa ya Kiingereza ilikuwa na kizibo cha kuzungusha chenye pedi laini ya kuziba gesi, ndiyo maana waliweza kutumia mifuko peke yake bila kopo.

Pemba_Magharibi:
Hapo nimeelewa. Na yule kijana Jack Cornwell anayesifiwa sana ni wa vita hivyo hivyo?

Fundi_Valvu:
Ndiyo, vita hivyo hivyo, meli nyingine. Cornwell alikuwa na miaka 16, kwenye mzinga wa HMS Chester. Wenzake wa mzinga ule walianguka karibu wote, naye akiwa na majeraha ya kufa akabaki amesimama mahali pake akisubiri amri. Alikufa hospitalini Grimsby tarehe 2 Juni. Kwenye Chester ngao za mizinga hazikufika hadi sitahani, vipande vya makombora vikapita chini yake na kuwakata watu miguu. Ushujaa wake ni wa kweli na Nishani ya Victoria Cross aliyopewa (ya juu kabisa ya ushujaa kwa Waingereza) ni haki yake. Tofauti ni kwamba kitendo cha Harvey kina matokeo unayoweza kuyapima: bamba lililobonyea likashikiliwa na maji.

Nitaje na mwingine asiyesemwa. Sajenti Charles Mayes wa HMS Kent, vita vya Falkland, 8 Desemba 1914. Kombora la meli ya Kijerumani Nürnberg lilipiga kwenye chumba cha mzinga wa ubavuni, ulimi wa moto ukashuka kwa njia ya kupandishia risasi hadi kwenye ushoroba wa baruti. Mayes akalinyakua fungu la kordaiti lililokuwa hapo akalitupa mbali na moto, kisha akachukua mpira wa maji akazima kilichobaki. Alipewa nishani. Somo hilo lilikuwepo mezani mwaka na nusu kabla ya Jutland.

Bintiwabahari:
Swali la mwisho kwa kaka Omo: baada ya Jutland Waingereza walibadilisha nini hasa, na mnara wa Q ulifanywaje?

Omo_na_Tezi:
Dada, nakujibu kwa ufupi.

Utaratibu ulibadilishwa kwanza kwa sababu haugharimu chuma: milango ifungwe, makopo yafunguliwe moja moja, mafungu ya kusubiri nje ya ghala yapunguzwe. Kisha zikaja sehemu za kufungwa melini. Kubwa ni kijidirisha cha kupitishia baruti kwenye ukuta wa ghala, kilichotengenezwa ili upande mmoja ukiwa wazi mwingine uwe umefungwa, kwa hiyo mfuko unapita lakini moto haupati njia iliyonyooka. Njia za lifti nazo zikawekewa vizuizi vya moto, na deraya ya juu ya maghala na ya paa za minara ikaongezwa. Wapo waliotaka lawama yote iangukie deraya nyembamba, kwa sababu kukubali habari ya milango wazi kulimaanisha kuwalaumu maofisa waliokwisha kufa na wakubwa waliokuwa hai.

Mnara wa Q uling'olewa Julai 1916 kwenye karakana za Armstrong, mto Tyne, na Lion ikarudi kazini na minara mitatu. Ulirudishwa Septemba. Mwezi huohuo, tarehe 15, gazeti rasmi la London lilitangaza Nishani ya Victoria Cross ya Harvey. Yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kuzikwa baharini siku moja baada ya vita, na jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa wanamaji kule Chatham. Mwenye maswali kuhusu meli ya Kiingereza Invincible, ambayo nayo ilipigwa kwenye mnara wake wa Q jioni ileile na kuacha watu sita tu hai, naomba aanzishe uzi wake, nitachangia.